Bunduki Iliyokohoa Kabla ya Kusema

Baba yangu alizaliwa milimani, upande wa Iringa, mahali ambapo asubuhi za mwezi wa sita nyasi huungua kwa baridi kana kwamba zimepitiwa na moto. Mama yangu alizaliwa bondeni Usangu, karibu na hapo mnapopaita Ubaruku, wakati ambapo hapakuwa na kinu wala maduka, bali majaruba machache ya mpunga na ndege wengi. Majina yao unayajua. Wamekwisha kulala, nasi hatutawaita bila sababu. Baba alishuka kutoka kwenye baridi akitafuta shamba, akakutana na mama, na mimi nikazaliwa katikati ya kwao wote wawili, chini ya vilima, mwendo wa asubuhi moja kutoka Igawa. Sikusoma. Baba alisema mbuzi hawana likizo. Kwa hiyo haya yote utayaandika wewe, mjukuu wangu, na kalamu yako isitangulie mdomo wangu. Nikinyamaza, nawe unyamaze.

Nimechoka leo, na habari yenyewe inachosha. Ni habari ya bunduki mbili zilizokuwa juu ya meza ya duka moja mjini Iringa, na mimi nikatakiwa kuchagua moja. Ilikuwa miaka michache baada ya askari wetu kurudi kutoka Burma, na Uhuru ulikuwa bado haujasikika hata kama uvumi.

Kwanza uelewe tulivyokuwa tukiwinda, maana bila hilo hutaelewa lolote. Kijiji chetu kilikuwa na gobori moja, mali ya mjomba wangu. Gobori hupigwa mara moja tu. Ukishapiga, unalisimamisha, unamimina baruti, unatia kitambaa, unashindilia kwa fimbo ya chuma, unatia vipande vya chuma, unashindilia tena. Mtu anayefanya hayo yote anaweza kusalimiwa na kujibu habari za nyumbani kabla hajamaliza. Nguruwe mwitu walipoingia katika mahindi, tulitoka asubuhi kijiji kizima. Wafukuzaji walijipanga upande wa chini wa kichaka pamoja na mbwa, wakapiga kelele na kugonga mabati, na mjomba alisimama upande wa juu akisubiri. Gobori likilia, kila mtu aliyekuwa ndani ya majani alitoka mbio na mkuki wake kwenda palipotoka mlio, ili amalize mnyama kabla hajageuka na kuwapasua mbwa. Hakuna aliyeogopa kupigwa, kwa sababu bunduki ilikuwa tupu na watu wote walijua ni tupu. Mlio ulikuwa ruhusa. Watoto wetu waliikuta sheria hiyo ikiishi kabla yao, nao waliijua kama walivyojua njia ya kisimani.

Aliyekuwa wa kwanza kufika siku zote ni mdogo wangu, tuliyezaliwa naye tumbo moja. Alikuwa mwepesi, mwenye kiburi cha miguu yake, na mnyama aliyemfikia kwanza alimpatia paja la mbele, kwa kuwa hilo ndilo fungu la mkuki wa kwanza. Mke wake na watoto wake walikula paja hilo msimu baada ya msimu. Kukimbia ndiko kulikokuwa cheo chake.

Ukaja mwaka ambao nguruwe waliongezeka, na nyani wakaongezeka pamoja nao kana kwamba walikuwa wamepeana habari. Nguruwe walikuja alfajiri, nyani wakaja mchana, na shamba halikuwa na saa ya kupumzika. Kisha gobori la mjomba likapasuka karibu na kitako, likamchoma shavu. Wazee wakakaa. Jumbe akaenda kwa Bwana Shauri, mzungu mkuu wa wilaya, na kibali kikatolewa cha bunduki moja ya marisau, yaani ya risasi za punje, kwa ajili ya kulinda mashamba. Kibali kiliandikwa kwa jina la shemeji yangu, ndugu wa bibi yako, kwa sababu alikuwa askari na serikali ilimwamini mtu aliyekwisha kushika silaha yake. Wazee walisema jambo moja tu juu ya bunduki yenyewe: hawakutaka tena bunduki ya kusema neno moja na kunyamaza.

Hata hivyo hawakumpa shemeji kazi ya kuchagua. Walinipa mimi. Ujanani nilikuwa nimefanya kazi katika shamba la tumbaku la mzungu mmoja upande wa Iringa, nikimbebea na kumsafishia bunduki zake za ndege, na nilizijua kwa vidole. Mzee mmoja alisema pia kwamba mtoto anayepewa kisu si yeye anayekichagua. Shemeji alicheka kuliko watu wote, ingawa yeye ndiye aliyekuwa mtoto katika usemi ule.

Tulipanda lori la magunia. Juu kule, kabla ya kushuka Iringa, baridi ilitukata hata tukajifunika magunia matupu yenye vumbi la unga, na tulifika mjini weupe kama mizimu. Mwenye duka, Mhindi mmoja mtaratibu, alisoma kibali chetu kwa makini, akatufagia kwa macho, kisha akaweka bunduki mbili juu ya meza.

"Hii," alisema, akigusa ya kwanza, "ni ya kuvuta. Unapiga, unavuta mkono huu wa mbao chini ya mtutu, ganda linatoka. Unausukuma mbele, risasi nyingine inaingia. Kila mara wewe mwenyewe." Akagusa ya pili. "Hii haikusumbui. Unabonyeza tu. Inatema ganda yenyewe, inameza risasi yenyewe."

"Mlamu, umesikia?" alisema shemeji, maana ndivyo mashemeji wa kwetu tunavyoitana. "Hii inafanya kazi kuliko wewe."

"Na inakula kuliko wewe?"

"Hakuna kinachokula kuliko mimi. Dada yangu hakukuonya?"

"Alinionya. Nilidhani ni utani."

Mwenye duka alingoja tumalize. Alizoea watu waliotoka mbali. Nilimwuliza kuhusu unyevu, kwa maana wakati ule maganda ya risasi yalikuwa ya karatasi ngumu, na mvua za kwetu huyavimbisha. Alikiri kwamba ile ya pili, ya kujikoki yenyewe, hukasirika ikipata risasi iliyovimba au mchanga, nayo hukwama. Ile ya kuvuta nayo huweza kukwama, lakini mkono wa mtu unaweza kuilazimisha. Hilo nililijua tayari. Nilikuwa nimemwona yule mzungu wangu akiitukana bunduki yake ya kujikoki huku bata wakienda zao.

Alitupeleka nje ya mji, kwenye shimo la kokoto alikoruhusiwa kujaribia silaha. Shemeji alishika kwanza ile ya kujikoki. Alikaa vizuri, mguu wa kushoto mbele, akalipiga kopo tulilosimamisha juu ya kokoto. Mlio wa pili ulikuwa umekwisha kutoka kabla masikio yangu hayajaupokea wa kwanza. Milio ilikuwa kama kitambaa kinachopasuliwa. Uso wake ulikuwa umebadilika; haukuwa uso wa mtu anayekula ugali kwangu.

"Kwa nini umepiga mbili?" nilimwuliza. "Kopo liliruka kwa ya kwanza."

Aliangalia bunduki kana kwamba ndiyo iliyoulizwa. "Ndivyo tulivyofundishwa," alisema. "Moja ya kuangusha, moja ya kuhakikisha. Mkono unajua wenyewe."

Kisha akashika ile ya kuvuta. Alipiga, akavuta, akasukuma, akapiga. Mimi nilifumba macho nikasikiliza. Kati ya mlio na mlio palikuwa na sauti ya chuma, kavu, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kuzungumza na wakubwa. Ilikuwa nafasi ndogo sana. Mtu angeweza kuvuta pumzi moja ndani yake, asiitoe.

Nilifumbua macho nikiwa nimechoka tayari, maana nilikuwa nimemwona mdogo wangu. Nilimwona akitoka katika majani kwa mlio wa kwanza, kama alivyotoka maisha yake yote, akija moja kwa moja mbele ya mtutu ambao haukuwa tupu.

Tuliketi kunywa chai katika hoteli ndogo karibu na soko, na hapo ndipo tulipogombana.

"Chukua ile ya kujikoki," alisema shemeji. "Nguruwe hawasubiri. Kule Burma aliyesubiri hakurudi."

"Kule Burma mdogo wangu hakuwa mbele yako."

"Basi mwambie mdogo wako asikimbie."

"Nimwambie nini? Tangu babu zetu mlio ni ruhusa. Nitamwambia leo, atakubali, na kesho bunduki ikilia miguu yake itakuwa imeondoka kabla hajakumbuka kwamba alikubali. Wewe mwenyewe umesema mkono wako unajua wenyewe. Na miguu yake inajua yenyewe."

Alikoroga chai ambayo sukari yake ilikuwa imekwisha kuyeyuka. "Ile nyingine ni ya polepole. Mnyama atatoroka, na watanicheka mimi, sio wewe."

"Watanicheka mimi. Nitasema ndimi niliyechagua."

"Utasema?"

"Nimekwisha sema."

"Basi lipia chai," alisema, "maana nimeshindwa na mchunga mbuzi."

Tukarudi na ile ya kuvuta, imefungwa ndani ya blanketi.

Nyumbani nilikusanya wafukuzaji nikawaeleza. Niliwaambia kwamba bunduki hii ina neno la pili, na la tatu, na kwamba mlio si ruhusa tena. Mpigaji ataita, nao wataitikia, na hapo ndipo watu watatoka. Walinisikiliza kwa heshima. Mdogo wangu alisema, "Kaka, umetuletea bunduki au shule?" Watu wakacheka, nami nikaona katika kicheko chao kwamba walikuwa wamekubali kwa mdomo.

Msako wa kwanza ulikuwa asubuhi yenye umande mwingi, baada ya mwalimu wa kanisa kutuombea. Shemeji alisimama juu ya kichuguu, nami nyuma yake na mfuko wa risasi. Sisi wawili tu tulikuwa upande ule. Mbwa walilia chini, majani yakaanza kutembea, na dume moja kubwa likatoka likiwa limesimamisha manyoya ya mgongo. Shemeji alipiga. Dume lilipiga magoti, likainuka, likageuka upande.

Mkono wake wa kushoto ulivuta. Ganda liliruka, likapita karibu na shavu langu, na moshi wake ukanukia. Mkono ulisukuma mbele. Wakati chuma kinajifunga, majani yalipasuka, na mgongo wa mdogo wangu ukajaza nafasi yote kati ya mtutu na nguruwe. Alikuwa ameinua mkuki. Ningeweza kuhesabu mifupa ya uti wake. Kidole cha shemeji kilikuwa kimekwisha kuuvuta mtambo wa kufyatulia nusu ya njia. Nilikiona kikiwa cheupe kwenye kiungo. Hakikuendelea. Mdogo wangu alirusha mkuki, ukapita juu, na lile dume likaingia katika matete, na kundi zima likapenya nyuma yake pale ambapo wafukuzaji walikuwa wameacha pengo kwa kukimbia.

Mdogo wangu aligeuka akihema, akatukuta tumesimama. "Mbona hukupiga tena?" alimwuliza shemeji. "Alikuwa pale. Mnangoja akue?"

Shemeji alishusha bunduki. "Ilikwama," alisema.

Haikuwa imekwama. Nilimtazama, naye alinitazama, nikaelewa kwa nini amesema hivyo. Kwetu, mtu akimwelekezea silaha ndugu wa mume wa dada yake, hata kwa bahati mbaya, na akakiri mbele ya watu, dada huyo hurudishwa kwao siku ile ile, na hukaa huko mpaka wazee wa pande zote mbili wakae, wanyweshane pombe na kunawishana mikono. Nyumba nyingine zilikaa hivyo mwaka mzima, na nyingine hazikuungana tena. Bibi yako alikuwa na mimba, baba yako akiwa tumboni, naye alikwisha kupoteza mbili kabla ya hiyo. Ukoo wa baba yake ulikuwa mbali, naye asingeweza kupelekwa huko kwa miguu, na ugomvi ule usingemwacha salama. Kwa hiyo nami nilisema, "Ndiyo, ilikwama kidogo." Tukashuka.

Kundi lile halikwenda mbali. Baada ya siku chache liliingia katika shamba la mama mkwe wangu, mama yake shemeji, lililokuwa ukingoni kabisa, na kulipopambazuka hapakuwa na hindi lililosimama. Alikuwa mjane. Ikabidi ahamie nyumbani kwangu mpaka msimu mwingine. Wewe umekua wakati ambao watu hukaa meza moja na wakwe zao, lakini kwetu mimi sikuruhusiwa kumtazama usoni wala yeye kunisemesha. Kwa hiyo alizungumza na kuku.

"Wewe kuku," alisema uani, mimi nikiwa ndani nachonga mpini, "kama ungetumwa Iringa kuchagua jogoo, ungechagua yule anayewika akisitasita? Hata wewe usingechagua. Na wewe huna akili."

Niliendelea kuchonga. Bibi yako alitoka akamwambia, "Mama, chakula kimeiva." Mzee yule akaendelea kidogo, kwa sauti ya chini, na kuku.

Kijiji kizima kilisema hivyo hivyo. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa na maneno matamu kuliko wote. Kilabuni aliiga mpigaji: anakunja uso, anavuta mkono, anakohoa, anasukuma, anaangalia huku na huku, kisha anauliza kwa adabu, "Nguruwe, bado upo?" "Bunduki ya kaka yangu," alisema, "hukohoa kabla ya kusema." Watu walilia kwa kucheka. Nilikaa pale nikanywa kilichokuwa mbele yangu. Nilimtazama akicheka kwa meno yote, jasho kifuani, mtu mzima asiye na jeraha hata moja. Ungemwonyeshaje mtu jambo ambalo halikumpata? Maiti ina ushahidi. Mtu aliye hai hana ushahidi wowote isipokuwa kicheko chake.

Mara moja tu shemeji alilisema. Tulikuwa tunasafisha bunduki ile, mimi nikiwa na kitambaa na yeye na mafuta. Alisema bila kuinua kichwa, "Mlamu, kwa ile nyingine ningekuwa nimekwisha piga. Mkono wa kushoto ndio uliochelewa, nikapata kuona."

"Najua."

"Mama yangu anakutesa."

"Anamtesa kuku."

Alitaka kucheka, ikashindikana. Akaniambia kwamba kama nataka kulala vizuri atakwenda kwa wazee kusema kweli. Nilimjibu aangalie tumbo la dada yake, kisha aangalie mafuta asiyamwage. Hatukulirudia tena. Baba yako alizaliwa wakati wa kupalilia, na ilipofika siku ya kumtoa nje, mama mkwe alimwambia mtoto, akihakikisha nasikia, kwamba ana mikono mizuri na asiitumie kuchagua bunduki.

Kilichobadilika ni kidogo, na kilibadilika polepole. Shemeji alikataa kupiga risasi ya pili kabla ya kuita na kuitikiwa. Aliposema ni sheria ya jeshi, watu waliifuata, ingawa nilipoisema mimi waliiita shule wakacheka. Haikuwa sheria ya jeshi. Nguruwe wengi walitoroka wakati wa kuitana kule. Kila aliyetoroka, mtu fulani alilitaja jina langu. Nilibeba lawama hiyo miaka mingi, kama mtu anayebeba gunia la mwenzake kwa sababu barabara ni nyembamba na hapana pa kulitua. Bunduki yenyewe ilikuja kusalimishwa serikalini, nami sikuiaga.

Shemeji alitangulia. Bibi yako akafuata, bila kujua, na mama mkwe wangu alikwisha kwenda kabla yao akiwa bado hajanisemesha. Mdogo wangu alikuwa wa mwisho. Alikufa kitandani, mzee, meno yamekwisha, wajukuu wamejaa mlangoni. Jioni moja kabla hajazidiwa alinishika mkono akasema, "Kaka, ile bunduki ulikosea, lakini nilikwisha kukusamehe." Nilimwambia ahsante. Alikuwa amechoka, nami nilikuwa nimechoka, na hapakuwa na faida ya kumpa mzee wa namna ile hofu ambayo alikuwa ameishi bila kuwa nayo.

Sasa uandike nitakayokuagiza, na uyatunze kwa utaratibu huu. Tunza habari hii ndani ya nyumba yetu. Wajukuu wa mdogo wangu wakikuuliza, waambie babu yao alikuwa na mbio kuliko wote na mkuki wa kwanza ulikuwa wake, kwa kuwa ni kweli. Usiwaambie zaidi ya hapo mpaka mimi nizikwe, na hata baada ya hapo mwambie mkubwa wao peke yake, mkiwa mmekaa. Kaburi la shemeji halina mtu wa kulifyeka tangu wanawe wahamie Mbalizi. Ulifyeke wewe kila mwaka kabla ya mvua, kwa mkono wako, usimwajiri mtu. Mkiwa wengi katika kazi ya hatari, ya moto, ya kukata miti au ya silaha, mmoja aite na wenzake waitikie, hata wakikucheka. Hayo matatu yanatosha. Mengine niliyoyasema unaweza kuyasahau.

Umeandika? Nisomee pale pa mgongo wa mdogo wangu.